TUSAFISHE NDOANA NA CHAMBO BAADA YA KUVUA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Wasemaji ni Mwalimu na Mzee mmoja mvuvi wa pwani.

MWALIMU: Natumaini mmekwisha kukaa vizuri, na kila mmoja ana daftari na kalamu yake. Wale waliochelewa kwa sababu ya kazi, karibuni, tafuteni nafasi. Ndiyo kwanza tunaanza.

Somo letu la leo linahusu kazi ya uvuvi. Lakini hatutasema habari za kuvua. Tutasema habari za saa ile baada ya kuvua, wakati chombo kimekwisha kupanda mchangani, samaki wamekwisha kuuzwa, na mvuvi anataka kwenda kulala. Saa hiyo ndiyo ndoana na vyambo vinapoharibika. Tutajifunza kwa nini vinaharibika, na namna ya kuvitunza ili vidumu.

Kwanza tuandike maneno matano. Nitayataja polepole. La kwanza, KUTU. La pili, CHUMVI. La tatu, NDOANA. La nne, MSHIPI. La tano, CHAMBO. Kiongozi wa darasa, tafadhali yaandike ubaoni kwa herufi kubwa, na kila mwanafunzi ayanakili.

Neno chambo mnalijua. Ni kile kitu tunachotia katika ndoana ili samaki avutwe. Chambo cha kweli ni kipande cha ngisi, au dagaa, au kamba. Lakini kuna chambo cha namna nyingine, nacho ni chambo cha bandia. Hiki hakiliwi. Hutengenezwa kwa manyoya ya kuku, au nyuzi za kamba ya nailoni iliyofumuliwa, au kipande cha madini king'aacho, au plastiki iliyochongwa kwa umbo la samaki mdogo. Mvuvi anaporambaza, huburuta chambo hicho nyuma ya chombo kwa mshipi mrefu. Nguru, jodari au kolekole akikiona kinakimbia majini, hudhani ni samaki mdogo, naye hukirukia.

Chambo cha kweli hutumika mara moja tu. Chambo cha bandia chaweza kutumika mara nyingi sana, kama kikitunzwa. Hapo ndipo ilipo faida yake. Asiyekitunza hupoteza faida hiyo, tena hupoteza na samaki.

Sasa natuulizane: ni nini kinachokula ndoana?

Watu wamevua kwa ndoana tangu zamani mno. Mwaka 2016 wataalamu walieleza habari za ndoana zilizofukuliwa katika pango la Sakitari, kisiwa cha Okinawa, Japani. Zilichongwa kwa gamba la konokono wa baharini, na umri wake hukadiriwa kuwa kama miaka 23,000. Gamba halishiki kutu. Lakini ndoana zetu leo ni za chuma cha pua. Chuma cha pua kina nguvu kuliko gamba, lakini kina adui wake, na adui huyo ni kutu.

Ili kutu ipate kutokea, vitu vitatu lazima vikutane: chuma, maji na hewa. Ukiondoa kimoja, kutu haitokei. Msumari uliopakwa mafuta haushiki kutu upesi kwa sababu mafuta huzuia maji na hewa visiufikie. Msumari mkavu ndani ya kopo kavu lililofunikwa vizuri waweza kukaa miaka mingi.

Basi chumvi inaingia wapi? Chumvi peke yake haileti kutu, lakini huiharakisha sana. Katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi kama gramu 35, yaani karibu vijiko sita vya chai. Maji yakikauka juu ya ndoana, chumvi haiondoki. Hubaki imeshikamana na chuma. Tena chumvi ya bahari huvuta unyevu wa hewani. Nyote mmeona chumvi ya jikoni ikilowa wakati wa masika, ingawa hakuna mtu aliyeitia maji. Ndivyo inavyokuwa katika ndoana. Wewe unadhani imekauka, kumbe usiku chumvi inavuta maji, na chuma kinaendelea kuliwa. Bahari umeiacha pwani, lakini kidogo chake umekuja nacho nyumbani. Wazee walisema, chovya chovya yamaliza buyu la asali. Chumvi nayo hula chuma kidogo kidogo hivyo hivyo, mpaka kiishe.

Msiniamini mimi kwa maneno tu. Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni misumari miwili ya kawaida, iliyo mipya. Ichovyeni yote miwili katika maji ya bahari. Walio mbali na bahari watie vijiko sita vya chai vya chumvi katika lita moja ya maji. Msumari wa kwanza uwekeni juu ya kigae, msiufanye lolote. Msumari wa pili uosheni kwa maji ya baridi, ufuteni kwa kitambaa kikavu, upakeni mafuta ya nazi kidogo, kisha uwekeni kando ya mwenzake. Itazameni baada ya siku saba, mkaandike katika daftari yale mliyoyaona.

Ninaposema maji ya baridi, nina maana ya maji yasiyo na chumvi: maji ya mvua, ya bomba, au ya kisima kizuri. Visima vilivyo karibu sana na bahari pengine huwa na maji ya chumvichumvi. Yaonje kwanza. Kama ulimi unasikia chumvi, ndoana nayo itaisikia.

Leo tumebahatika kuwa na mgeni. Ni mzee aliyevua kwa mshipi tangu ujana wake. Nimemwomba atueleze yeye afanyavyo. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Hamjambo wanafunzi?

MWALIMU: Mzee, ulipokuwa kijana ulikuwa ukisafisha vyambo vyako?

MZEE: Ningekuwa nikivisafisha nisingekuwa na hadithi ya kukupa. Sikusafisha. Nilikuwa nikirudi jioni, navichomeka katika makuti ya paa la jiko, basi. Asubuhi navichomoa naenda zangu.

MWALIMU: Ikawaje?

MZEE: Ulikuwa msimu wa kaskazi. Mimi na ndugu yangu tulikuwa na ngalawa tuliyoinunua kwa mkopo. Deni lilikuwa limebaki kidogo tu. Nilikuwa na chambo kimoja cha manyoya meupe ya jogoo, kizuri sana, samaki wakikipenda. Siku tatu mvua ilinyesha, hatukutoka. Chambo kikakaa pale paani, kimelowa, na chumvi yake. Siku ya nne bahari ikatulia, tukatoka. Haikupita saa moja nguru akakamata. Mwalimu, nguru yule alikuwa mkubwa. Alikwenda na mshipi mpaka mikono ikanichubuka. Ndugu yangu akasema, "Leo deni limekwisha." Tukamvuta mpaka tukamwona ubavu wake unang'aa chini ya maji. Mara mshipi ukalegea.

MWALIMU: Mshipi ulikatika?

MZEE: Mshipi ulikuwa mzima. Nilipouvuta, chambo kilikuja na manyoya yake yote. Lakini ndoana ilikuwa nusu. Ilivunjika pale inapopinda. Nikayafunua manyoya nikatazama. Kule chini, pale uzi ulipofungwa, chuma kilikuwa cheusi, kimekwisha kuwa chembamba kama sindano. Ncha ilikuwa ikimeremeta bado, ndiyo maana sikujua. Ndugu yangu hakunigombeza. Alinyamaza tu mpaka tukafika pwani, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi. Deni lile tulilipa baada ya miezi miwili.

MWALIMU: Pole, Mzee. Ulijifunza nini?

MZEE: Nilijifunza kwamba ndoana haivunjiki baharini. Huvunjika nyumbani. Baharini unapata habari tu.

MWALIMU: Ndugu wanafunzi, maneno haya ya Mzee ndiyo kiini cha somo letu. Tena angalieni mahali ile kutu ilipokuwa. Haikuwa kwenye ncha inayoonekana. Ilikuwa chini ya manyoya, pale uzi na manyoya vinaposhika maji kwa muda mrefu. Kutu hupenda mahali pasipoonekana: chini ya manyoya, ndani ya tundu la ndoana linapofungwa fundo, na pale pete inapogusana na chuma.

Juu ya pete kuna jambo la kukumbuka. Madini mawili mbalimbali yakigusana katika maji ya chumvi, moja huliwa upesi na jingine husalimika. Mwaka 1824 mtaalamu Humphry Davy wa Uingereza alionyesha kwamba kipande cha zinki au cha chuma kikigusana na shaba katika maji ya bahari, shaba husalimika. Kile kingine ndicho kinacholiwa. Basi ikiwa pete yako ni ya shaba na ndoana ni ya chuma, ndoana ndiyo itakayoliwa kwanza. Kwa hiyo usiviache vimegusana vikiwa na maji ya bahari.

Sasa, Mzee, tueleze kazi yenyewe, hatua moja baada ya nyingine. Wanafunzi, shikeni kalamu.

MZEE: Hatua ya kwanza huanza chomboni. Tukimaliza kuvua, sitii chambo kilicholowa pamoja na vile vilivyo vikavu. Kilichotumika nakiweka mbali, katika kikapu kidogo. Ukitia kimoja chenye maji ya chumvi katika sanduku, umetia kutu kwa vyote.

MWALIMU: Hatua ya kwanza: TENGA. Andikeni, tenga vilivyolowa na vilivyo vikavu. Na ya pili?

MZEE: Kuosha. Jioni ile ile, kabla sijala. Nikisema nitaosha kesho, sioshi. Nina ndoo mbili ndogo za maji ya baridi. Ya kwanza ni ya kuondoa chumvi nyingi. Naviloweka humo kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha navitikisa. Halafu navihamisha katika ndoo ya pili, yenye maji safi, navisuuza.

MWALIMU: Mahali ambapo maji ni ya shida je?

MZEE: Kwetu maji ni ya shida. Huhitaji maji mengi. Wahitaji maji safi ya mwisho tu. Makopo mawili yanatosha kwa vyambo vichache. Nusu kopo la maji ya mvua ni bora kuliko pipa la maji ya chumvi.

MWALIMU: Hatua ya pili: OSHA. Na kama kuna damu na magamba ya samaki?

MZEE: Natumia mswaki wa meno uliochakaa na sabuni kidogo. Nasugua ndoana, hasa tunduni na kwenye kile kijino kinachorudi nyuma. Manyoya sisugui. Nayakamua kwa vidole, nayanyosha kama unavyonyosha nywele za mtoto. Kisha nasuuza sana mpaka harufu ya sabuni itoke, maana samaki ana pua.

MWALIMU: Ni kweli. Samaki hutambua harufu majini. Ndiyo maana haifai pia kusafisha vyambo kwa mafuta ya taa, kisha kuvitumia na harufu yake. Hatua ya tatu, Mzee?

MZEE: Kukausha. Nafuta kila ndoana kwa tambara kavu, moja moja. Ikiwa kichwa cha chambo kinateleza juu ya mshipi, nakivuta juu ili ndoana ibaki uchi, ipate hewa. Kisha nakitundika kivulini penye upepo. Sitandazi juani.

MWALIMU: Hatua ya tatu: KAUSHA. Kwa nini kivulini? Jua kali hufifisha rangi na kudhoofisha plastiki na mishipi ya nailoni. Nailoni ilitangazwa kwa watu huko Marekani mwaka 1938, na tangu hapo wavuvi wengi wameacha mishipi ya pamba. Mshipi wa nailoni hauozi kama pamba. Lakini ukiachwa juani siku nyingi hupoteza nguvu, ingawa kwa macho unauona ni ule ule. Kwa hiyo mshipi nao uoshwe kwa maji ya baridi, ukaushwe kivulini, uzungushwe katika kibao chake, na uwekwe ndani. Endelea, Mzee.

MZEE: Hatua ya nne ni kutazama. Hapa ndipo vijana wanapokosea. Huosha, hukausha, lakini hawatazami. Mimi nafunua manyoya, natazama chini ya uzi. Nashika ndoana kwa koleo, naijaribu kidogo kama inapinda. Napitisha mshipi kati ya vidole, mkono mzima wa mwisho karibu na ndoana. Nikisikia mkwaruzo, nakata hapo, nafunga fundo jipya.

MWALIMU: Hatua ya nne: TAZAMA. Kwa vyambo vya plastiki vya umbo la samaki kuna jambo la kuongeza. Tazama kama vina ufa. Kitikise karibu na sikio. Ukisikia maji ndani, chambo hicho hakitaogelea sawasawa, kwa sababu kimekuwa kizito upande mmoja. Maji yatolewe, kikaushwe, ufa uzibwe kwa gundi isiyoyeyuka majini. Na vyambo vya madini vya umbo la kijiko vikipoteza mng'ao, vyaweza kusuguliwa kwa majivu laini na ndimu, kama tusuguavyo vyombo vya shaba, kisha vioshwe na kufutwa. Mng'ao wake ndio unaomwita samaki.

Sasa tufike katika hatua ya tano, nayo ni KUNOA. Mzee, unajuaje kama ndoana ni butu?

MZEE: Naiweka ncha juu ya ukucha wa kidole gumba, naivuta polepole bila kukandamiza. Ikiteleza, ni butu. Ikishika ukucha, ni kali. Nikiona ni butu, nachukua tupa ndogo. Napiga kuelekea nchani, mara mbili tatu kila upande. Si zaidi. Ukinoa mno, ncha inakuwa nyembamba, inapinda katika mfupa wa samaki.

MWALIMU: Hapa yafaa tueleze jambo. Ndoana hutengenezwa kwa waya wa chuma cha pua. Waya hukatwa, huchongwa ncha, hupindwa, kisha hupashwa moto na kupozwa ili uwe mgumu. Kampuni ya Mustad ya Norway ilianza kutengeneza ndoana mwaka 1877, na ndoana zake zimefika katika pwani nyingi za dunia. Mwisho wa kazi hiyo, ndoana hupakwa ganda jembamba la bati, au nikeli, au kitu kingine cha kuzuia kutu. Ganda hilo ndilo nguo yake. Ukinoa kwa tupa, umeichana nguo pale nchani. Kwa hiyo kila ukimaliza kunoa, hapana budi kupaka mafuta.

Zipo pia ndoana za chuma kisichoshika kutu upesi. Nazo zioshwe vile vile, kwa sababu maji ya chumvi yakikaa juu yake huweza kuzitoboatoboa.

MZEE: Mimi napaka mafuta ya nazi. Tone moja katika kitambaa, nafuta ndoana tu. Manyoya siyapaki. Asubuhi kabla ya kutoka nafuta tena kwa kitambaa kikavu.

MWALIMU: Hatua ya sita: PAKA MAFUTA. Na ya saba ni HIFADHI. Sanduku la vyambo liwe kavu. Kila chambo kiwe na mahali pake, au kichomekwe katika kipande cha gamba la mnazi kilichokauka vizuri, ncha zisigusane. Kopo lenye mfuniko linafaa, lakini usilifunike kabla vitu havijakauka kabisa, maana utakuwa umefungia maji ndani. Na wale wenye vyambo vya plastiki laini inayonyumbuka kama mpira, wasivichanganye na vyambo vya plastiki ngumu. Mara nyingi vikigusana kwa muda mrefu plastiki hizo huyeyushana na kugandana.

Pengine mtauliza: ndoana iliyokwisha kushika kutu itupwe? Inategemea. Kama kutu ni vumbi jekundu la juu tu, loweka ndoana katika maji ya ndimu au siki kwa muda wa nusu saa, uisugue kwa mswaki, uioshe sana kwa maji ya baridi, uikaushe papo hapo na uipake mafuta. Usiiache katika ndimu usiku kucha, kwa sababu ukali wa ndimu nao hula chuma. Lakini kama kutu imechimba vishimo, au chuma kimekuwa chembamba, usiihurumie. Itoe, ufunge mpya. Ndoana mpya moja ni rahisi kuliko nguru mmoja.

MZEE: Hilo nalijua mimi.

MWALIMU: Naam, unalijua sana. Sasa kuna mambo ya hatari, nayo yanahusu nyumba nzima, si mvuvi peke yake.

La kwanza ni jeraha la ndoana. Watu wengi husema kutu ndiyo iletayo pepopunda. Si hivyo hasa. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na mavi ya wanyama. Ndoana iliyoangukia uani huweza kuvibeba, na jeraha lake ni jembamba na lenye kina, mahali ambapo vijidudu hivyo hustawi. Kwa hiyo jeraha lolote la ndoana lioshwe kwa sabuni na maji mengi, na mtu aende zahanati aulize habari za sindano ya pepopunda, hata kama ndoana ilikuwa inang'aa. Ndoana iliyozama mpaka kile kijino kinachorudi nyuma isivutwe kwa nguvu. Ikiwa imeingia karibu na jicho, isiguswe kabisa. Mgonjwa apelekwe hospitali.

La pili ni chubwi, yaani lile pande la risasi lizamishalo mshipi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Usiitafune wala kuibana kwa meno unapofunga mshipi, kama wengi wetu tulivyozoea. Nawa mikono kabla ya kula. Na anayeyeyusha risasi nyumbani asiiyeyushe katika sufuria ya chakula, wala penye watoto, kwa maana moshi wake una sumu.

La tatu ni takataka. Ndoana mbovu na mishipi iliyokatika haitupwi mchangani wala baharini. Mtoto ataikanyaga ndoana. Mshipi wa nailoni hukaa majini miaka mingi, na kasa na ndege hunaswa humo. Tia ndoana mbovu katika kopo lenye mfuniko, na kopo likijaa lizikwe shimoni mbali na njia.

Wenzetu wa maziwa, kama Victoria na Tanganyika, msiseme kwamba somo hili haliwahusu. Kweli maji yenu hayana chumvi kama ya bahari, na kutu huja polepole zaidi. Lakini chuma, maji na hewa vinakutana huko pia. Mvuvi wa sangara mwenye mamia ya ndoana katika mshipi mmoja ana haja zaidi ya kukausha na kutazama, kwa kuwa hawezi kukumbuka hali ya kila ndoana. Tofauti ni kwamba nyinyi maji ya kuoshea mnayo tele.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Hesabu hii ni ya mfano tu. Baadaye kila mmoja atie hesabu zake mwenyewe. Tuseme mvuvi asiyesafisha hutupa ndoana 6 kila mwezi. Kwa mwaka ni 6 mara 12, yaani 72. Mwenzake anayesafisha hutupa ndoana 2 kila mwezi. Kwa mwaka ni 2 mara 12, yaani 24. Toa 24 katika 72, wapata 48. Zidisha 48 kwa bei ya ndoana moja dukani kwenu, utaona ni fedha ngapi zilizoliwa na chumvi. Na hapo hatujahesabu samaki waliokwenda zao.

Mzee, kabla hatujaagana, kazi hii yote huchukua muda gani?

MZEE: Kwa vyambo vinne, haifiki nusu saa. Siku hizi mjukuu wangu ndiye anayenishikia ndoo. Yeye huhesabu vyambo kwa sauti, nami naosha. Kila kimoja lazima nikifunue manyoya nimwonyeshe chini ya uzi. Akiona weusi huniambia, maana macho yake ni mazuri kuliko yangu. Juzi alikiona kimoja ambacho mimi nilikuwa nimekipitisha.

MWALIMU: Ulifanyaje?

MZEE: Nilikata uzi, nikaitoa ndoana ile mbele yake, nikamwambia, "Huyu nguru umemvua wewe."

MWALIMU: Ahsante sana, Mzee. Mungu akupe afya.

Ndugu wanafunzi, tukumbushane zile hatua saba: tenga, osha, kausha, tazama, noa, paka mafuta, hifadhi. Ziandikeni kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, mkaibandike pale mnapotundika vyambo. Mwenye mtoto anayesoma shuleni amsomee karatasi hiyo kwa sauti.

Baada ya redio kunyamaza, jibuni maswali haya pamoja na kiongozi wenu:

1. Taja vitu vitatu vinavyokutana ili kutu itokee.

2. Kwa nini ndoana iliyokauka bila kuoshwa huendelea kuharibika usiku?

3. Ndoana ya Mzee ilivunjika mahali gani, na kwa nini hakuiona kutu yake mapema?

4. Kwa nini tunapaka mafuta kila baada ya kunoa?

5. Mtoto akichomwa na ndoana mpya inayong'aa, je, hana hatari ya pepopunda? Eleza.

6. Andika sentensi mbili kueleza maana ya maneno haya: "Ndoana haivunjiki baharini. Huvunjika nyumbani."

Msisahau misumari yenu miwili. Itazameni baada ya siku saba. Kwa herini, na usiku mwema.